Jasusi wa bei nafuu, kipenzi cha Kariakoo

Jumamosi mchana katika mitaa ya Kariakoo, kati ya Msimbazi na Kongo, biashara ya filamu hufanyika barazani. Kijana amekaa na kompyuta yake juu ya meza ndogo, mteja anampa flashi, bei inapatanwa, filamu zinaingizwa. Wengi huomba tamthilia za Kikorea, za Kituruki au za Kihindi. Kaa pale kwa muda, utasikia na ombi jingine. Aghalabu hutoka kwa mtu mzima aliyechomekea shati, na huja mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini: anataka awekewe na picha za kijasusi za zamani, zile za steringi mmoja kupambana na jeshi zima.

Picha hizo kila mtu anazijua. Jasusi aliyestaafu anafuatwa nyumbani na mkubwa wake wa zamani. Anakataa kazi, rafiki yake anauawa, anaikubali. Anakabidhiwa bahasha yenye picha ya adui, na muda si muda yuko nchi nyingine. Adui anaishi kwenye jumba lenye bwawa la kuogelea, amezungukwa na walinzi wasiojua kulenga. Helikopta inaonekana mara moja tu, maana ilikodiwa kwa saa. Gari linalolipuka mwishoni ni kuukuu kuliko lile tuliloliona likikimbia barabarani. Hizi si kazi za kupewa tuzo, na msomi akiulizwa hadharani anapenda filamu gani, hatazitaja. Atazitazama usiku, watoto wakiwa wamelala, na hatazima mpaka adui mkubwa aanguke.

Nazipenda picha hizi na sioni sababu ya kuzificha. Tena nadai zaidi ya hapo. Dar es Salaam ina haki ya kuzipenda kuliko miji mingi ya Afrika, na ina kila kinachohitajika kutengeneza za kwake.

Mji wa majasusi wa kweli

Kuanzia mwaka 1963, Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na vyama vingine vya wapigania uhuru vilikuwa na ofisi hapa. Walipokuwapo wapigania uhuru, waliotumwa kuwachunguza hawakukosekana. Januari 1965 serikali iliwafukuza maofisa wawili wa kibalozi wa Marekani, Robert Gordon aliyekuwa Dar es Salaam na Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar, ikiwatuhumu kula njama baada ya mazungumzo yao ya simu kunaswa. Marekani ilikanusha. Miaka ilivyokwenda, Carlucci akawa naibu mkurugenzi wa CIA, na mwaka 1987 akateuliwa Waziri wa Ulinzi wa nchi yake.

Mwaka huohuo wa 1965 Che Guevara alipita hapa kwa siri akienda Kongo. Alirudi baada ya kushindwa, akajificha katika ubalozi wa Cuba na kuandika kumbukumbu za vita ile. Kisha ikaja 3 Februari 1969. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alifungua kifurushi chenye kitabu katika nyumba moja ya Oysterbay. Ndani mlikuwa na bomu, likamuua.

Kwa hiyo mtazamaji wa Dar es Salaam anapoona kwenye skrini bahasha ikikabidhiwa kwa mkono, simu ikinaswa au mgeni akibadilisha jina hotelini, haoni mambo ya kubuniwa yaliyotoka mbali. Mji wake umeyapitia, na wapo wazee waliozika watu kwa sababu ya mambo hayo.

Mwandishi Elvis Musiba aliliona hilo mapema. Mwaka 1974 alitoa riwaya ya Kufa na Kupona, na humo akatuletea Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania anayetumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa. Mwaka 1979 ikafuata Kikosi cha Kisasi, na safari hii Gamba akapelekwa Kinshasa. Adui zake walikuwa makaburu na vibaraka wao. Ben Mtobwa naye akamleta Joram Kiango, na Eddie Ganzel na Hammie Rajab wakaipa rafu ya vitabu vya upelelezi uzito wake. Vitabu hivyo vilikuwa vyembamba, vya karatasi duni, vyenye majalada ya bastola na wasichana warembo. Walimu wa fasihi wengi hawakuvitaka darasani. Vijana walivisoma vikachakaa, wakaazimana, vikapotea mikononi mwa watu. Kizazi kizima kilijifunza raha ya kusoma Kiswahili kirefu kutoka kwa vitabu vilivyodharauliwa.

Nalitaja hilo kwa sababu picha za kijasusi za bei nafuu ni ndugu wa damu wa vitabu hivyo. Zina kasi ileile, zina uadui ulio wazi, na zimedharauliwa vilevile.

Kutoka Avalon hadi kibanda umiza

Zama za majumba ya sinema, mji huu ulikuwa na Avalon, Empire, Empress, Odeon, New Chox, na Amana kule Ilala. Mwaka 1966 ilifunguliwa pia sinema ya magari huko Msasani, kwenye eneo ambalo sasa pana ubalozi wa Marekani. Ndiyo miaka ambayo dunia nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya ujasusi. Dr. No, filamu ya kwanza ya James Bond katika sinema, ilitoka mwaka 1962 kwa gharama ya dola milioni moja hivi, kiasi kidogo hata kwa wakati ule. Ilipoleta faida kubwa, kila mwenye kamera alitaka jasusi wake.

Waitaliano walifyatua majasusi wa namba kwa makumi. Mwaka 1967 walifikia hatua ya kumchukua Neil Connery, mdogo wake Sean Connery aliyecheza James Bond, na kumfanya steringi wa filamu inayomhusu ndugu wa jasusi mashuhuri. Ufilipino ilimtoa Weng Weng, mwigizaji mwenye kimo kisichofika mita moja, akawa Ajenti 00 katika For Y'ur Height Only ya mwaka 1981. India, ambayo filamu zake zilikuwa na mizizi mirefu katika sinema za Dar es Salaam na Zanzibar, ilimpata mwongozaji Ravikant Nagaich, fundi wa hila za kamera. Mwaka 1967 alimfanya Jeetendra kuwa Ajenti 116 katika Farz. Mwaka 1979 akamvalisha Mithun Chakraborty suruali ya bwanga na kumpa jina la Gunmaster G-9 katika Surakksha. Mithun huyo, kabla hajawa mfalme wa disko, alikuwa jasusi wa bei nafuu.

Video ilipoingia miaka ya themanini, mambo yalibadilika. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, hivyo deki na mikanda vilikuta uwanja mtupu. Mwenye deki, televisheni ya chogo na chumba cha kukodi aliweza kuanzisha jumba lake la maonyesho. Ndipo mabanda ya video yalipotapakaa uswahilini, yale ambayo vijana huyaita vibanda umiza: mabenchi ya mbao, turubai au mabati, joto, na kiingilio ambacho hata mbeba mizigo wa sokoni alikimudu.

Chakula kikuu cha mabanda hayo kilitoka kwa watu kama Menahem Golan na Yoram Globus, binamu wawili kutoka Israeli walioinunua kampuni ya Cannon mwaka 1979. Wao ndio waliotupa Missing in Action ya Chuck Norris mwaka 1984, na American Ninja ya Michael Dudikoff mwaka 1985. Mpango wao wa biashara ulikuwa mwepesi kueleweka: rekodi haraka, penye gharama ndogo, uza haki za filamu nchi nyingi hata kabla haijakamilika, kisha faida ya moja ilipie nyingine. Filamu iliyotengenezwa hivyo haikuwa na nafasi ya maneno mengi. Ilibidi ieleweke Manila, Lagos na Kariakoo bila mkalimani.

Sauti iliyowafanya wawe wetu

Hata hivyo mkalimani alikuja, na alifanya zaidi ya kutafsiri. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana mjini kwa jina la Lufufu, alijijengea umaarufu kwa kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili. Alianza kwa kusimulia mbele ya watazamaji, baadaye sauti yake ikarekodiwa juu ya mikanda na diski zilizouzwa na kukodishwa. Wengine walimfuata, na kwa jirani zetu Kenya jina la DJ Afro likawa kubwa kwa kazi hiyohiyo. Uganda wanao wasimulizi wao wanaosimulia kwa Kiganda.

Msimulizi hodari hawi mtumwa wa maneno ya filamu. Anakwambia yule mzee mwenye ndevu ni msaliti kabla hajasaliti. Anampa steringi tabia za kijana wa mtaani, anamtolea adui mkwara, anaeleza kwa nini mke ananuna, na pale ambapo filamu imebaki kimya kwa sababu mtengenezaji hakuwa na fedha za muziki, yeye anajaza kimya hicho kwa methali, mawaidha na matani. Hapa ndipo ufukara wa filamu unapogeuka neema. Filamu kubwa iliyokamilika kila upande humwachia msimulizi upenyo mdogo. Ile ya bei nafuu, yenye mapengo katika kisa chake, inamkaribisha aingie na kuijenga upya. Nathubutu kusema kuwa baadhi ya filamu dhaifu za Cannon ni nzuri zaidi kwa Kiswahili kuliko zilivyokuwa kwa Kiingereza.

Watazamaji nao hawakai kimya. Bandani mtu humwonya steringi ageuke, humlaani adui, hupiga makofi ngumi inapoingia. Wote wanajua kuwa steringi hafi. Kujua huko hakuondoi hamu, kunaiongeza. Swali linakuwa atatokaje, na kila mmoja ana jibu lake. Aliyeiona filamu mara tano anajizuia asiwaharibie wengine, au anashindwa kujizuia na kufokewa.

Uhondo uko wapi

Mtu aliyeshinda juani akisukuma mkokoteni au akikimbizana na mgambo ana sababu nzuri ya kutaka hadithi ambayo haki inapatikana kabla ya saa mbili kwisha. Katika picha ya kijasusi ya bei nafuu, mtu mmoja asiye na fedha anawashinda matajiri wenye walinzi. Anasalitiwa na wakubwa zake wa ofisini, na anawaumbua. Hayo ni matamanio ya kweli, na sinema imeyabeba tangu izaliwe.

Kuna na uhondo wa kazi ya mikono. Katika filamu zile za zamani, mtu anayeruka kutoka ghorofani ameruka kweli, na anayepita dirishani amepita kweli. Hakukuwa na fedha za kompyuta za kuchora moto, hivyo moto uliwashwa. Waliofanya hivyo ni wachezaji wa hatari ambao majina yao hupita haraka mwishoni mwa filamu, wakati watu wameshainuka. Ukitazama kwa makini unaona jinsi mwongozaji alivyobana matumizi: ukumbi mmoja umepakwa rangi nyingine na kuwa ofisi ya adui, askari yuleyule amekufa mara tatu kwa kofia tofauti. Anayeyaona hayo hujifunza namna filamu inavyotengenezwa, jambo ambalo filamu za mamia ya mamilioni ya dola huficha kwa ustadi.

Aibu iliyo ya kweli

Nikisema tusione haya, simaanishi kwamba picha hizi ni safi. Zina dhambi, ila si zile zinazosemwa na watu. Mapigano hafifu si dhambi. Tatizo ni fedha zilikotoka na ujumbe uliobebwa.

American Ninja ya pili, ya mwaka 1987, na ya tatu, ya mwaka 1989, zilirekodiwa Afrika Kusini, wakati nchi hiyo ikiwa imesusiwa na wasanii wengi duniani kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Nafuu za kodi zilizotolewa na serikali ya makaburu ndizo zilizowavuta watengenezaji wa filamu za bei nafuu. Hapa kwetu, mji uliowahifadhi wapigania uhuru ulizishangilia filamu hizo bila kujua.

Red Scorpion ilikwenda mbali zaidi. Dolph Lundgren anacheza ofisa wa Kisovieti anayetumwa nchi ya Afrika kumuua kiongozi wa waasi, kisha anageuka na kujiunga na waasi hao. Kisa kilichotwa kwa Jonas Savimbi wa Angola, aliyekuwa akisaidiwa na makaburu. Filamu ilirekodiwa Namibia kabla ya uhuru wake, jeshi la Afrika Kusini likitoa askari na vifaa, na mtayarishaji wake alikuwa Jack Abramoff, mwanaharakati wa mrengo wa kulia wa Marekani. Kampuni ya Warner Bros. ilijitoa katika kuisambaza. Pamoja na hayo filamu ilizunguka dunia. Willy Gamba alikuwa akipambana na makaburu kwenye karatasi, na makaburu wakawa na steringi wao kwenye skrini. Atazamaye leo na aitazame, lakini ajue anaitazama filamu ya nani.

Dhambi nyingine iko kwetu wenyewe, nayo ni wizi wa kazi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na kuanzia mwaka 2013 stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki. Wakati huohuo diski zilizorundikwa filamu kumi au zaidi ziliuzwa barabarani kwa bei ambayo mtengenezaji wa Bongo Movie hakuweza kushindana nayo. Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kufuata taratibu. Wengi waliwabeza, wakisema watengeneze filamu nzuri kwanza. Nadhani madai yao yalikuwa ya haki. Huwezi kumtaka mtu ashindane na bidhaa ambayo muuzaji hakulipa chochote kuipata. Flashi zimeirithi biashara ya diski, na tatizo limebaki palepale.

Gamba yuko wapi?

Filamu za Bongo zimekwenda zaidi kwenye mapenzi, familia na ushirikina. Zipo zilizothubutu ngumi na mateke, kama Misukosuko ya Jimmy Mponda, na vijana walizipokea kwa shangwe. Ujasusi umebaki nyuma, na sababu inayotolewa siku zote ni fedha: hatuna helikopta, hatuna magari ya kulipua, hatuna bunduki.

Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, hakuwa navyo pia. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya makomando na genge la wahalifu, iliyotengenezwa na majirani zake kwa gharama ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki zilichomelewa kwa vyuma chakavu, milipuko iliongezwa kwenye kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe, na msimulizi VJ Emmie akaiwekea filamu hiyo sauti yake. Leo ina mashabiki Ulaya na Marekani. Nabwana aliipenda aina hii ya filamu bila kuona haya, akaikubali bajeti yake jinsi ilivyo, na akaitengeneza kwa ajili ya watu wa mtaa wake kwanza. Hiyo ndiyo siri yake.

Dar es Salaam ina zaidi ya hivyo. Ina kivuko cha Kigamboni, ambapo mtu anayefuatwa hana pa kukimbilia mpaka ng'ambo. Ina bandari, ina mabasi ya mwendokasi yanayojaa Gerezani, ina stesheni ya treni ya umeme, ina Daraja la Tanzanite, na ina Kariakoo yenyewe, ambako jasusi anaweza kupotea ndani ya dakika moja kati ya vitenge na vifaa vya simu. Mandhari kama hayo kampuni za nje zinayajenga kwa mamilioni. Ina lugha ya kijasusi iliyonyooshwa na Musiba na Mtobwa. Ina watu waliolelewa na vibanda umiza, wanaojua bila kufundishwa ni wakati gani adui anapaswa kuingia.

Kinachotakiwa ni uamuzi. Watayarishaji waende kwa wenye haki za vitabu vya Musiba na Mtobwa, wazinunue kwa mkataba, kwa kuwa sheria yetu inalinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Waandike filamu ya chumba kimoja, kivuko kimoja na bahasha moja, wasitafute helikopta. Wampe msimulizi nafasi na wamlipe. Bodi ya Filamu iwarahisishie vibali vya kurekodi barabarani na sokoni, kwani mji huu ndio mtaji mkubwa walio nao. Na sisi watazamaji tukiiona imetoka, tuinunue kwa bei yake halali, tusingoje ifike kwenye flashi.

Willy Gamba ametimiza zaidi ya miaka 50 tangu atoke katika Kufa na Kupona, na bado hajapata sinema inayolingana na jina lake. Anastahili kuonekana kwenye skrini, akiwa Dar es Salaam, akisema Kiswahili, hata kama ni kwa bajeti ndogo. Nasi tunastahili kumtazama mchana kweupe.